Jina la kuazima kwenye sado ya mchele

IGURUSI ni mji ambao wasafiri wa barabara kuu ya Mbeya hadi Dar es Salaam wanaujua kwa mchele. Kando ya lami kuna mashine za kukoboa, maghala na meza za mbao zenye vilima vyeupe vya mchele, kila kilima kimesimikwa sado yake, ndoo ndogo ya kupimia. Gari likipunguza mwendo tu, wauzaji wanasogea.

Tulisimama kwenye meza ya mama mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kutukaribisha. Mwenzangu niliyekuwa nasafiri naye akachota mchele kiganjani, akaupuliza, akaunusa.

"Mama, huu ni Kyela?"

"Hapana, baba. Huu wa hapahapa Usangu. Nimelima mwenyewe, na juzi tu nimeukoboa kwenye mashine ile pale."

Mwenzangu akaurudisha mchele polepole, akashukuru, akahamia meza ya tatu. Kijana aliyekuwa pale hakusita: "Kyela tupu, bosi wangu." Zikanunuliwa sado tano. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimemwona kijana huyohuyo akijaza meza yake kutoka kwenye gunia lililoletwa na toroli, na toroli lilitoka kwenye mashine ileile aliyotuonyesha mama.

Kyela haiko kwenye barabara hiyo. Ukitoka Mbeya unaelekea kusini, unapita Tukuyu, kisha unateremka hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milimani na kulisha tambarare ile maji na udongo. Mpunga wake mwingi ni wa mvua, wa mbegu za kienyeji ambazo hazizai sana lakini zinanukia. Mchele huo ukiwa jikoni, jirani anajua mnapika nini kabla hajaambiwa. Jina la Kyela limejengwa na sufuria za watu, mwaka baada ya mwaka, bila tangazo la redio wala bango.

Ndivyo majina yanavyofanya kazi katika masoko yetu. Mazao ya shambani hayana kibandiko, kibandiko chake ni mahali yalikotoka. Tunasema machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa, vitunguu vya Mang'ola, asali ya Tabora, dagaa wa Kigoma. Neno moja linabeba udongo, maji na mikono ya watu. Mnunuzi hana namna ya kuufuata mpunga hadi jarubani, kwa hiyo anaushika mdomo wa muuzaji. Mdomo huo ukidanganya, hakuna kingine cha kushika.

Wapo watakaosema huu ni uongo mdogo. Mchele umelika, watoto wameshiba, nani ameumia? Mimi naona wameumia wakulima wawili kwa neno moja.

Wa kwanza ni mkulima wa Kyela. Mtu akinunua "Kyela" barabarani au dukani, akaupika na usinukie, hasemi kwamba muuzaji kamdanganya. Anasema Kyela ya siku hizi siyo ile ya zamani. Sifa ambayo mzee wa kule ameitunza kwa kung'ang'ania mbegu isiyozaa sana inapungua katika nyumba ambayo mchele wake haujawahi kufika. Na yeye akiuleta mchele wake halisi mjini, anakuta jina limeshajaa sokoni, halimwongezei bei kama inavyostahili.

Wa pili ni yule mama wa Igurusi, na huyu ndiye anayeniuma zaidi kwa sababu hasemwi kabisa. Mpunga wa bonde la Usangu una historia yake. Wabaluchi waliohamia bonde lile ni miongoni mwa walioanzisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia kabla ya Uhuru. Katika miaka ya 1970 shamba kubwa la Mbarali lilijengwa humo kwa msaada wa China. Leo wakulima wadogo wa Mbarali wanachepusha maji kwa mifereji, wanaotesha miche kitaluni, wanaipandikiza mmoja mmoja wakiwa wameinama matopeni, kisha wanashinda juani wakifukuza kwelea kwelea. Wengi wanapanda Saro 5, mbegu iliyotolewa na watafiti wetu wa hapa nchini, inayozaa vizuri na yenye harufu ya wastani. Ni mchele mzuri, unachambuka, unafaa pilau na unafaa wali wa kila siku. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mbona basi mchele wa Usangu hauruhusiwi kujiuza kwa jina lake?

Mama akisema kweli, mteja anahama meza. Hapo lazima tujitazame sisi wanunuzi. Kijana wa meza ya tatu hakuzaliwa na neno Kyela mdomoni. Amefundishwa na mamia ya madirisha ya magari, ambayo yote yanauliza swali moja na kungojea jibu moja. Hatuulizi "Mchele huu ni wa wapi?" Tunauliza "Huu ni Kyela?" na swali la namna hiyo linamwekea muuzaji jibu mdomoni.

Serikali imepambana na lumbesa kwa miaka mingi. Wakala wa Vipimo hukagua mizani, na mkulima wa viazi au vitunguu anajua kwamba gunia lililovimba juu kwa kilemba ni kosa. Kipimo kina mwenye kukilinda. Jina nalo ni kipimo, kwani ndilo linaloamua bei ya sado. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini hakuna mkaguzi atakayesimama kwenye kila meza ya barabarani kunusa mchele. Kazi hiyo wataiweza wakulima wenyewe wakiungana.

Wapo Waafrika wenzetu waliofanya hivyo. Kule Penja, Kamerun, pilipili inayolimwa kwenye udongo wa volkano ilikuwa na sifa kubwa, na jina lake likawa linatumiwa na kila mtu. Wakulima wakajiunga, wakaandika mipaka ya eneo na namna ya kulima, na mwaka 2013 jina hilo likasajiliwa katika shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika ambazo nyingi zinazungumza Kifaransa. Tangu hapo Penja ni mali ya watu wa Penja. Kyela ingeweza kufuata njia hiyo, na Usangu vilevile, kila mmoja kwa jina lake.

Lakini kabla ya usajili kuna mambo yasiyohitaji ofisi. Muuzaji anaweza kusimika kibao kidogo mezani: mchele wa Usangu, umevunwa mwezi fulani. Mnunuzi anaweza kuuliza maswali mawili ya wazi, umelimwa wapi na umekobolewa lini, kisha asimwadhibu anayejibu kweli. Mpunga wa mvua wa Kyela huvunwa mara moja kwa mwaka, miezi mingi kabla ya Krismasi. Anayekuuzia "Kyela mpya" wakati wa Krismasi ameshajijibu mwenyewe.

Siku ile nilirudi kwenye meza ya mama nikanunua sado mbili. Alipima akajaza hadi juu, akasawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza. Hakuniambia neno lingine la kuusifu mchele wake.

Jumapili iliyofuata tulipata wageni nyumbani. Wali ulipofunuliwa, shemeji yangu alivuta harufu, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii Kyela mmeipata wapi?"

Ingekuwa rahisi kunyamaza na kupokea sifa. Nikamwambia siyo Kyela, ni mchele wa Usangu, umelimwa na mama mmoja anayeuza kando ya barabara pale Igurusi. Akaniomba nimweleze meza yake iko upande gani, ukiwa unatokea Mbeya.