Saratani ya Tumbo: Ulimi Hausemi Yote

Wapo hapa Rungwe wanaosema mtu amerogwa pindi saratani ya tumbo inapompata baada ya kumwua baba yake. Tufahamu ukweli.

Saratani hii mara nyingi huanzia kwa bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye hukaa tumboni miaka mingi. Wengi tunaye, lakini wachache tu hupata saratani. Urithi nao huchangia: mwaka 1998, huko New Zealand, wataalamu waligundua jeni yenye kasoro iliyorithishwa katika koo za Wamaori zilizosumbuliwa na ugonjwa huu.

Tabibu wa Kichina hutazama ulimi na kusikiliza mapigo ya mshipa. Wazee wetu nao wana njia zao. Lakini uvimbe ulio ndani ya tumbo hauonekani hivyo. Huhitajika mpira mwembamba wenye kamera, na kipande kidogo cha nyama kipimwe maabara.

Basi ukikonda bila sababu, ukishiba upesi, ukitapika damu au kupata choo cheusi, usimalize miezi ukinywa mizizi. Nenda Makandana au Igogwe, uelekezwe penye kipimo. Kama ndugu yako aliugua saratani hiyo, mweleze daktari. Ikiwahiwa, yaweza kukatwa, ikicheleweshwa, huenea.