Kawia Ufike: Safari ya Arafa Isiyompata Mwenyewe

Aghalabu mtu anapotuma arafa hudhani kuwa inaruka moja kwa moja kutoka rununu yake hadi ya mwenzake. Sivyo. Hupokelewa kwanza na kituo cha ujumbe mfupi cha kampuni ya simu, ikahifadhiwa humo, ndipo ikapelekwa. Makala haya yanaeleza yanayojiri iwapo mpokeaji hapatikani.

Kituo huuliza katika daftari la mtandao mahali mpokeaji alipo, kisha minara ya eneo hilo huiita simu yake. Ikiwa nambari haipo kabisa, arafa hutupwa, kwa kuwa kungoja hakutafaa kitu. Ikiwa simu imezimwa, arafa hubakizwa kituoni, na daftari huwekewa alama kwamba mteja huyu ana ujumbe unaomngoja. Simu inapowashwa hujitambulisha kwa mtandao. Daftari hukiarifu kituo, na arafa hutumwa tena.

Yamkini msomaji atauliza: mbona kituo kisirudie kutuma kila sekunde? Jibu ni kuwa mawimbi ni mali ya shirika. Kila mwito wa kumtafuta asiyekuwepo huwapunguzia nafasi waliopo. Kwa hiyo majaribio huachanishwa, na kila arafa hupewa muhula. Kanuni za GSM huruhusu muhula unaohesabiwa tangu arafa ipokewe kituoni uwe kuanzia dakika 5 hadi majuma 63, ingawa kampuni yaweza kuufupisha. Ukikwisha, arafa hufutwa.

Jambo hili si dogo. Tangu M-Pesa izinduliwe nchini Kenya mwezi Machi 2007, arafa imekuwa stakabadhi ya fedha. Mwenye duka asipoiona humshuku mnunuzi. Mnunuzi naye, kwa wasiwasi, huenda akatuma mara ya pili na kulipa maradufu. Ifahamike kuwa fedha huhamishwa katika tarakilishi za kampuni; arafa ni mjumbe tu wa kutangaza yaliyokwisha kutendeka. Mjumbe akichelewa, fedha hazijapotea. Ni vyema basi kutazama salio kabla ya kutuma tena.

Wahenga walinena, kawia ufike. Mtandao umeushika wosia huo, lakini kwa kipimo. Kwa hiyo mwenye neno la dharura asitegemee arafa pekee: na aombe taarifa ya kufika kwake, au apige simu.