Dawa za presha: usitazame bei ya pakiti peke yake

Mwenye presha akifika famasi na cheti cha daktari, mara nyingi huulizwa kama anataka "ya India au orijino". Hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Amlodipini ilipata umaarufu kwa jina la Norvasc, dawa ya Pfizer. Hataza yake ilikwisha Marekani mwaka 2007, na leo viwanda vingi vinaitengeneza. Kiambato ni kilekile. Ikiwa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, sioni kwa nini mtu wa kipato cha kawaida alipie jina.

Cha kukagua ni idadi ya vidonge. Pakiti moja ina 28, nyingine 30, na bei inaweza kuwa ileile. Kwa kidonge kimoja kila siku, ya 28 utainunua mara 13 kwa mwaka, ya 30 mara 12 na ushee. Uliza pia bei ya amlodipini ya miligramu 10: mara nyingi haifiki mara mbili ya ile ya 5, na baadhi ya vidonge vina mstari wa kukatia nusu. Lakini nifedipini inayotoka polepole haikatwi kamwe. Ukiikata, dawa yote huingia mwilini kwa mkupuo.

Halafu kuna gharama zisizoandikwa kwenye risiti. Enalaprili ni rahisi, lakini baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu, wakaishia kununua dawa ya kifua chupa baada ya chupa, kumbe daktari angewahamishia losatani. (Zote mbili hazimfai mjamzito.) Amlodipini nayo huvimbisha miguu ya wengine. Atenololi usiikatishe ghafla kwa kuwa pesa imeisha, hasa kama moyo una shida. Kanunue hata vidonge vya wiki moja.

Ukiandikiwa dawa mbili, ulizia kidonge kimoja chenye zote, mfano losatani na hidroklorothiazaidi. Huenda kikazidi bei kidogo, lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linakipendelea kwa sababu wagonjwa hudumu nacho.

Aspirini ya miligramu 75 ni ya bei ndogo, ndiyo maana wengi hujiongezea wenyewe. Aliyewahi kupata shambulio la moyo huihitaji. Mwenye presha tu inaweza kumtoa damu tumboni, basi asiinunue mpaka daktari aiandike.