Shokapu haibebi mzigo

"Niweke shokapu gani ili pikapu yangu isichuchumae nikipakia?" Swali hili naulizwa Benaco, naulizwa Rulenge, napigiwa simu na watu waliokwama njiani na maharage mgongoni, na karibu kila anayeuliza ameshanunua. Jibu langu ni moja: hakuna. Iwe mpya au ya mtumba, ya mafuta au ya gesi, shokapu haitainua mgongo wa pikapu iliyolemewa, kwa sababu kubeba si kazi yake. Inaniuma kuona mkulima wa Kasulo anamaliza hela ya msimu kwa kifaa kizuri alichonunua kwa sababu isiyo sahihi, huku springi zilizolala zikiendelea kulala.

Kinachobeba ni springi, yaani yale mabamba ya chuma yaliyopangwa chini ya bodi na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Shokapu ni silinda yenye mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Ni kama bomba la sindano lililojaa maji: ukilisukuma taratibu linakubali, ukilisukuma kwa ghafla linakataa, ukiliachia linabaki pale pale. Shokapu hupinga mwendo tu. Gari likisimama, haina cha kupinga. Hata zile za gesi, ambazo zikibonyezwa hurudi zenyewe, msukumo wake ni mdogo. Kwa kawaida mbili kwa pamoja hazifikii uzito wa gunia moja la maharage la kilo 100. Wewe umepakia magunia mangapi?

Asiyeamini apime mwenyewe. Simamisha pikapu tupu mahali tambarare, zuia tairi kwa mawe, kisha pima kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Fungua boliti za chini za shokapu zote mbili za nyuma, zitenge na ekseli, upime tena. Kama ni za mafuta, kipimo ni kile kile. Kama ni za gesi, huenda kikapungua milimita chache. Pakia magunia matano na upime, halafu rudisha shokapu na upime kwa mara ya mwisho. Ni kazi ya nusu siku, na usiliendeshe gari likiwa hivyo, lakini ukimaliza hutamsikiliza tena muuzaji anayekuambia kuwa hizi ni ngumu, ni za mzigo.

Najua kwa nini imani hii haifi. Ukifunga shokapu ngumu, gari linatulia. Likiingia kwenye shimo linashuka polepole, kwenye kona haliyumbi sana, na dereva anaapa kuwa sasa linabeba. Linachelewa tu kushuka; halizuiwi kushuka. Na kuna ubaya ambao wauzaji hawausemi. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, springi dhaifu inabonyea kwenye wimbi la kwanza, na kabla shokapu ngumu haijairuhusu kurudi juu, wimbi la pili limeshafika. Inabonyea zaidi, na la tatu hilo hapo. Mwisho wa yote ekseli inagota kwenye raba za chasisi, na pikapu inatembea chini kuliko ilivyokuwa kabla hujatumia hela yako.

Zipo shokapu zilizozungushiwa springi ya koili kwa nje, nazo kweli huinua. Lakini kinachoinua hapo ni ile koili, na uzito wake unaishia kwenye vishikilio vya shokapu ambavyo kiwandani havikutengenezwa vibebe gari. Nimeona vimeng'oka na kipande cha chasisi. Habari ya kutoboa shokapu iliyokufa, kuijaza mafuta yoyote yaliyopo na kuichomelea sitaipa nafasi. Tupa.

Kwa upande wa springi nako kuna dawa ya kienyeji: kukata bamba la Fuso lililovunjika na kulichomeka katikati ya mabamba ya Hilux. Ugumu wa bamba haupandi kwa hesabu ya kujumlisha. Unapanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Yakiwa na upana na urefu sawa, bamba la milimita 12 ni gumu zaidi ya mara tatu ya lile la milimita 8. Ukilichanganya na wenzake, hilo moja linabeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake yeyote, na siku likivunjika hukuonywa na chochote.

Kabla hujagusa chochote, jua unabeba nini. Pikapu ya tani moja maana yake ni kilo 1,000 pamoja na watu. Doubo kabini yenye watu watano wa kilo 70 imeshatumia 350. Zimebaki 650, yaani magunia sita na nusu, na hapo sijataja lumbesa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inahusu magari ya tani 3.5 na kuendelea, hivyo lori la Kigali linapanda mizani ya Nyakahura, pikapu inapita. Kutopimwa si ruhusa. Springi mpya haziongezi uwezo wa ekseli, beringi wala breki.

Sasa, unataka kuimarisha nyuma na kubaki na shokapu zilizokuja na gari? Inawezekana. Kama springi zimelala tu, badilisha seti nzima pamoja na bushi, pande zote mbili. Kama bado zina upinde, ongeza bamba moja la unene unaofanana na yaliyopo, chini ya bamba kuu. Kama unabeba siku ya mnada tu na siku nyingine gari ni tupu, funga springi za msaada zinazoanza kazi mzigo ukizidi. Ndizo ninazozipendekeza zaidi, kwa kuwa gari likiwa tupu halidundi. Mipira ya hewa nayo hubeba, ila inaelekeza uzito sehemu moja ya chasisi na mwiba mmoja unaimaliza. Kipande cha chuma kati ya springi na ekseli kinanyanyua bodi bila kuongeza nguvu hata kidogo. Usizidishe sentimita 5 za kunyanyuka. Kisha hakikisha shokapu zilizopo bado zinatosha urefu. Inua chasisi kwa jeki, weka stendi, acha ekseli ining'inie, fungua boliti ya chini ya shokapu uivute: isipobaki na sentimita 2 au 3 za kurefuka, ni fupi, itavunjika. Shokapu inayovuja haifai. Ukirudi safarini shika zote mbili kwa uangalifu: ya moto inafanya kazi, ya baridi imekufa. Na ukiweka springi ngumu sana, za kubeba nusu tani muda wote, shokapu za zamani hazitazimudu. Hapo nunua nyingine, sasa kwa sababu sahihi.

Jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka ni breki. Hilux nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayosoma umbali kati ya ekseli na chasisi. Ukinyanyua nyuma, vali inadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati wewe unateremka na tani. Mwambie fundi airekebishe siku hiyo hiyo, pamoja na taa za mbele, na baada ya kilomita 500 rudi mkaze yubolti.