Samaki wa Kioo Wataka Maji Yaliyokomaa

Kwetu sisi watu wa Pwani, kufuga samaki ndani ya nyumba si jambo geni. Katika nyumba za kale za Lamu palikuwa na birika la maji ya kuogea na kutawadhia, na ndani yake waliogelea samaki wadogo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika fundi alijengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujisitiri. Anayedhani kwamba samaki wa nyumbani ni anasa iliyoletwa na Wazungu, na awaulize wazee wake.

Siku hizi mahali pa birika pameshikwa na tangi la kioo lenye taa na changarawe za rangi. Nimeliona Mombasa, na katika safari yangu ya bara nimeliona Kitale na Bungoma pia, sebuleni mwa watu wa kawaida. Na msiba wake ni ule ule kila mahali: tangi lanunuliwa Jumamosi, samaki watiwa siku hiyo hiyo, na kabla ya wiki mbili kwisha watoto wanawazika nyuma ya nyumba.

SI HUSUDA WALA MUUZAJI

Kitale nilifikia kwa mzee mmoja, Mswahili aliyehamia huko ujanani kwa biashara ya nguo. Mjukuu wake alikuwa amenunuliwa samaki wa dhahabu wanane. Siku ya kumi na mbili walibaki wawili, nao walikuwa juu ya maji wakitweta. Bibi alisema ni jicho la wageni. Mzee alimlaumu muuzaji.

"Maji ni maangavu, mwanangu, hata waweza kusoma gazeti kupitia tangi," aliniambia. "Na kila Ijumaa twalisugua kwa sabuni mpaka likawa jeupe pe. Samaki wafe kwa lipi?"

"Kwa huko kusugua, Mzee," nilimjibu. Tukawabadilishia wale wawili robo ya maji papo hapo, kisha nikamweleza kama ninavyomweleza msomaji hapa.

Sisi tumefundishwa kuyatazama maji kwa rangi, ladha na harufu. Yasipobadilika, twatawadha bila wasiwasi. Lakini samaki ana shida nyingine. Kila apumuapo hutoa amonia katika matamvua yake, na kinyesi chake pamoja na chakula kilichobaki huoza na kuizidisha. Ni ile ile ambayo harufu yake twaijua kwenye mkojo uliolala. Ila kiasi kinachotosha kumwua samaki ni kidogo mno, wala pua ya mtu haikisikii. Maji yaweza kuwa tohara kwetu na yakawa sumu kwake.

WASAFISHAJI WASIOONEKANA

Baharini na ziwani sumu hii haimdhuru samaki, kwa kuwa maji ni mengi na wapo wa kuyasafisha. Wasafishaji hao ni bakteria. Kundi la kwanza huila amonia na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huigeuza damu ya samaki ikawa ya rangi ya kahawia, ikashindwa kubeba hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na mimea huitumia kuwa mbolea. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga bakteria wa namna hii kutoka katika udongo mnamo mwaka 1890.

Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hushika kwenye changarawe, kwenye kuta na katika sponji ya chujio. Tangi jipya halina wa kutosha, na huwachukua kiasi cha wiki 4 mpaka 6 kuenea. Anayesugua tangi kila Ijumaa huwafuta wote, akaanza upya kila wiki. Tena masalio ya sabuni yenyewe ni sumu. Birika la Lamu, kwa maoni yangu, lilifaa kwa sababu kuta zake zilikuwa na utelezi wa siku nyingi, samaki walikuwa wachache, na maji yalichotwa na kuongezwa kila siku.

KITALE BARIDI, PWANI JOTO

Kitale iko juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Bungoma kiasi cha mita 1,400. Bakteria hawa hustawi kwenye joto la digrii 25 mpaka 30. Kwenye baridi huzaana polepole, hivyo tangi la Kitale lisilo na kipasha joto laweza kuhitaji miezi miwili au zaidi kabla ya kukomaa.

Lakini Mpwani asijivune. Joto letu huwasaidia bakteria, ni kweli. Ila visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe na maji yake ni ya chokaa, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi, hasa yakiwa na joto. Tena maji ya joto hushika hewa kidogo. Kila mji una mtihani wake.

MKONO MPAKA KISUKUSUKU

Kutoka Kitale niliteremka Bungoma. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na eneo la mita 300 za mraba. Bungoma ilipata sehemu yake, na huko Chwele kuna shamba la kuzalisha vifaranga vya samaki.

Mkulima mmoja alinipokea kwa "Mulembe" na kunionyesha bwawa lake la ngege. Aliniambia kwamba bwawa jipya halitiwi samaki siku lijazwapo. Yeye hutia samadi, akangojea wiki mbili hivi mpaka maji yawe ya kijani. Kisha hupima kwa kutumbukiza mkono. Maji yafikapo kisukusuku, na kiganja kikawa hakionekani tena, ndipo vifaranga hutiwa. Mkono mpaka kisukusuku! Nikacheka moyoni, kwani kipimo hicho sisi twakijua kwa jambo jingine.

"Bwawa ni kama shamba," alisema. "Huwezi kulima na kuvuna siku moja."

Samadi haifai kutiwa katika tangi la kioo, lakini kungoja kwake kwafaa kuigwa.

YAFAAYO KUFANYWA

Kwanza, tangi lijazwe maji, pampu na chujio vifanye kazi, na kwa wiki kadhaa litiwe chembe chache za chakula kila siku bila samaki. Ukipata sponji au changarawe kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, zitie, wiki zitapungua.

Pili, ikiwa samaki wamekwisha nunuliwa, wawe wawili au watatu wadogo katika lita 60. Walishwe mara moja kwa siku, kile wawezacho kumaliza kwa dakika mbili tu.

Tatu, robo ya maji ibadilishwe kila baada ya siku moja, na kila siku wakionekana kutweta. Maji ya mfereji yenye klorini yalazwe usiku kucha katika ndoo wazi, nayo yawe na joto sawa na ya tangi. Chumvi ya jikoni, gramu 1 kwa lita 2, ikiyeyushwa kwanza, huizuia nitriti isiingie katika damu.

Nne, sponji isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, wala si kwa sabuni. Na stima ikikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, yapate hewa.

Tano, ziko karatasi za kupimia maji. Amonia na nitriti zikiwa sifuri, na nitrati ikaonekana, tangi limekomaa. Hapo ongeza samaki, kidogo kidogo.

Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Samaki wa tangini naye amefungiwa: hawezi kuyakimbia maji tuliyomtilia. Mtoto anayelilia samaki leo na afundishwe kwanza kungojea maji.