Huduma Ipo Hai, Klasta Yasema Imekufa

Mfumo usiotakiwa kuzimika, mathalani wa benki au wa malipo kwa simu, hauwekwi juu ya mashine moja. Huwekewa seva mbili, tatu au zaidi zinazojuana, na mkusanyiko huo mafundi huuita klasta. Seva moja ikianguka, nyingine hushika kazi. Kwenye Linux, msimamizi wa shughuli hiyo mara nyingi ni programu iitwayo Pacemaker, ikisaidiwa na Corosync ambayo kazi yake ni kupeleka habari baina ya seva.

Pacemaker yenyewe haijui Apache ni nini wala MySQL ni nini. Kila huduma ina wakala wake, yaani hati ya amri inayojua kuiwasha, kuizima na kuikagua. Kila baada ya muda uliopangwa, tuseme sekunde 10, wakala hutumwa akaangalie, naye hurudi na namba. Akija na 0, huduma ni nzima. Akija na 7, huduma haifanyi kazi kabisa. Akija na 1, kuna kasoro ambayo hakuweza kuitaja. Pacemaker huamua kwa namba hiyo tu, haiendi kuhakikisha. Kwa hiyo ukaguzi ukishindwa, swali la kwanza ni kama wakala amesema kweli. Mafundi wengi hulirukia la pili: huduma imekufa kwa nini?

Apache ni mfano mzuri, kwa kuwa wakala wake hatosheki kuona programu inaendelea kufanya kazi. Hufungua ukurasa wa ndani uitwao server-status na kusoma majibu yake. Ukurasa huo, kwa usalama, hufunguliwa kwa maombi yanayotoka kwenye seva yenyewe tu. Sasa fundi akiandika kanuni inayoruhusu anwani ya ndani ya IPv4, 127.0.0.1, peke yake, na wakala akauliza kwa jina localhost, seva inaweza kulitafsiri jina hilo kuwa ::1, anwani ya IPv6. Apache itamwona kama mgeni na kumjibu 403, yaani hana ruhusa. Wateja wanaisoma tovuti bila shida yoyote, lakini klasta inaizima na kuiwasha upya, tena na tena. Kulithibitisha ni kazi ya nusu dakika: tumia curl kufungua http://127.0.0.1/server-status, kisha http://localhost/server-status, ukiwa ndani ya seva hiyo hiyo. Majibu yakitofautiana, umempata mchawi. Dawa ni kuandika Require local kwenye mipangilio ya Apache, kanuni inayotambua anwani zote mbili.

Kosa la aina ya pili ni wakala kuchelewa. Asiporudi ndani ya muda aliopewa, ambao kwa kawaida ni sekunde 20 usipopanga mwingine, Pacemaker huhesabu kuwa ukaguzi umeshindwa, hata kama huduma imezidiwa tu na kazi. Septemba 2012 GitHub iliyumba kwa namna hii hii. Mafundi wake walikuwa wakibadili muundo wa hifadhidata ya MySQL, mzigo ukapanda kuliko walivyozoea, ukaguzi ukashindwa, na klasta ikaivua seva kuu madaraka na kuikabidhi nyingine. Hiyo mpya ilikuwa bado haijapakia data kwenye kumbukumbu yake, nayo ikalemewa upesi. Ukaguzi ukashindwa tena, madaraka yakarudi yalikotoka. Ilibidi ukaguzi wote usimamishwe kwa kuiweka klasta katika hali ya matengenezo. Kesho yake, klasta ilipotolewa kwenye hali hiyo, Pacemaker yenyewe ikaanguka na seva zikaacha kuelewana.

Ndiyo maana ripoti ya kosa isomwe neno kwa neno. Amri ya pcs status ikionyesha web_monitor_10000, zile 10000 ni milisekunde: huo ni ukaguzi wa kila sekunde 10. Ikionyesha web_monitor_0, huo ni uchunguzi unaofanyika mara moja klasta inapoamka, hata kwenye seva ambayo huduma haikupangiwa. Hapo jibu la 7 ndilo linalotarajiwa. Tatizo huja wakala akisema 0 kwa sababu kuna mtu aliyeiacha systemd, programu ya Linux inayowasha huduma seva inapowaka, iwashe huduma yenyewe. Klasta itaona huduma iko sehemu mbili, na kwa kawaida itaizima kote kabla ya kuiwasha mahali pamoja. Na kama kosa ni la muda kuisha, tazama saa. Likitokea kila siku saa nane usiku, kachunguze kazi ya kunakili data inayoanza saa hiyo. Kuongeza muda wa kusubiri kunafaa ukishauona mzigo kwa macho. Ukiuongeza kwa kubahatisha, siku huduma itakapokufa kweli klasta itachelewa kujua.

Kipo kinachotisha zaidi, nacho ni kushindwa kuzima. Klasta isipokuwa na hakika kwamba huduma imezimika kwenye seva ya kwanza, haithubutu kuiwasha kwenye ya pili, maana zote mbili zikiandika kwenye diski moja data itaharibika. Itaizima seva nzima kwa nguvu kupitia STONITH, utaratibu wa kuzima seva yenye shaka, au kama hukuiweka, itakaa ikisubiri binadamu. Klasta isiyo na STONITH mimi siihesabu kuwa klasta.

Kuna mazoea yanayoharibu uchunguzi mzima: kukimbilia pcs resource cleanup mara tu rangi nyekundu inapoonekana. Amri hiyo hufuta hesabu ya makosa, na kweli huduma iliyokuwa imezuiwa kurudi kwenye seva yake itaruhusiwa. Lakini inafuta pia kosa lililoonyeshwa na pcs status. Tafadhali, nakili kwanza jina la kosa, namba na saa yake, kisha pitia /var/log/pacemaker/pacemaker.log na umjaribu wakala kwa mkono kwa pcs resource debug-monitor. Cleanup iwe ya mwisho.