Mwili wa Mvuvi na Kiti cha Karani

Ndugu msomaji, hebu tumtwae kwa mfano mtu mmoja wa Manda, wilayani Ludewa, kule ambako mto Ruhuhu humimina maji yake katika Ziwa Nyasa. Mtu huyu huamka kabla ya mapambazuko, husukuma mtumbwi majini, hupiga kafi na kuvuta nyavu. Arudipo ufukoni huanika usipa wake, kisha hushika jembe na kwenda katika shamba la mihogo. Hana habari ya mazoezi ya viungo, wala hayahitaji, kwani kazi yake ndiyo mazoezi yake.

Sasa tuseme mtu huyo amepanda milima, amepita Ludewa na Njombe, amefika Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Mbeya, na reli ya TAZARA ikipita. Amepata ukarani katika duka la jumla. Asubuhi hupanda bodaboda; kutwa nzima amekaa kitini; jioni hupanda bodaboda tena. Sahani ya ugali ni ile ile ya mvuvi, ila sasa imeongezwa na soda. Baada ya miaka kumi mkanda wa suruali umesogea matundu matatu, ngazi chache zinamtweta, na siku apimwapo huambiwa kwamba shinikizo la damu limepanda. Naye hustaajabu: "Nimekosa nini, hali kazi yangu ni nyepesi na chakula nakipata?"

Jibu la swali lake linafundishwa chuo kikuu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya Shule Kuu ya Elimu, imo idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Idara za namna hiyo zimo pia katika Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya na Chuo Kikuu cha Kyambogo nchini Uganda. Wako watu wanaposikia habari hizi hucheka na kuuliza, je, mtu asome miaka mitatu ili ajifunze kupiga mpira? Wengine hudhani kwamba elimu hiyo ni ya mabingwa peke yao, watu kama Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Mabingwa wanaihitaji, ni kweli. Lakini anayeihitaji zaidi ni yule karani wa Makambako.

Tazama mambo yanayosomwa katika elimu hii. Iko anatomia, yaani muundo wa mifupa, misuli na mishipa. Iko fiziolojia, yaani jinsi viungo hivyo vinavyofanya kazi. Mtu aliyetulia, moyo wake husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika. Mtu mwenye afya akikimbia kwa bidii, moyo huo huo huweza kusukuma lita 20 au zaidi. Moyo uliozoeshwa husukuma damu nyingi kwa kila pigo, kwa hiyo wakati wa mapumziko hupiga taratibu. Tena misuli inayofanya kazi hufyonza sukari kutoka katika damu; ikikaa bure, sukari huchelewa kuondoka. Ndiyo sababu kutembea ni kinga mojawapo ya kisukari. Hata safari ya kutoka Manda, ambako ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hadi Njombe iliyo karibu na mita 2,000, ni somo la fiziolojia: huko juu hewa ni nyepesi, kila pumzi hubeba oksijeni pungufu, na moyo wa mgeni hulazimika kwenda mbio zaidi.

Iko pia bayomekanika, elimu ya nguvu na mwendo wa mwili. Hapa tusidanganyane kwamba kila kazi ya jasho ni afya. Wachukuzi wanaopakia magunia ya viazi ya lumbesa huko Makambako wanatoa jasho jingi, lakini wengi huzeeka na maumivu ya mgongo. Elimu hii husema: kunja magoti, usipinde kiuno, mzigo uwe karibu na kifua, na mzigo uliopita kiasi ugawanywe.

Huenda ukauliza, ni nani aliyethibitisha kwamba kukaa kunadhuru? Katika mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja. Lakini dereva alikaa kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, aghalabu walikuwa na umri mkubwa zaidi. Ili kuhakikisha kwamba jambo hili si la mabasi tu, waliwatazama pia watumishi wa posta. Tarishi waliotembea kwa miguu au kupanda baiskeli wakigawa barua walikuwa na afadhali kuliko wenzao waliokaa ofisini.

Ndugu mfanyakazi, huhitaji kurudi Manda ukapige kafi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao waweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Teremka kituo kimoja kabla ya chako. Panda ngazi. Beba kapu lako la sokoni mwenyewe. Aliye na maradhi ya moyo au shinikizo la damu na amuone mganga kwanza, kisha aanze pole pole. Hapa kwetu, tangu Desemba 2016, wananchi walihimizwa kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Ni mwanzo mwema, lakini moyo hupiga kila siku.

Limebaki jambo la watoto wetu. Mwongozo ule ule unataka mtoto wa shule apate wastani wa dakika 60 kila siku. Je, mzazi, umepata kuuliza kipindi cha michezo cha mwanao huenda wapi? Mara nyingi mtihani unapokaribia hugeuzwa kuwa cha hisabati, au watoto hupewa mafagio. Kibaya zaidi, mtoto akichelewa hurushwa kichura au huzungushwa uwanja mbio. Mtoto anayeadhibiwa kwa mazoezi hujifunza kwamba mazoezi ni adhabu, na akiwa mtu mzima atayakimbia kama anavyoikimbia fimbo. Mwalimu aliyefunzwa elimu ya viungo hafanyi hivyo. Yeye humtafutia kila mtoto mchezo anaoumudu, mnene na mwembamba, msichana na mvulana, hata mwenye ulemavu.

Basi, katika mkutano ujao wa wazazi, usiulize alama za hisabati peke yake. Uliza ni nani anayefundisha michezo, na kama kipindi hicho kinafundishwa kweli. Na leo jua likipungua, mshike mwanao mkono, mwende kwa miguu kumjulia hali bibi yake.